Bi Mdogo Apata Klachi ya Mashindano

Jumatatu, 6 Mei

Shajara yangu, nisamehe. Nimekutupa. Mara ya mwisho kukuandikia nilikuwa na mimba ya Kibonge, nalalamikia kiungulia. Sasa Kibonge ana meno manne na moja limekutoboa jalada. Leo nimekuokota chini ya kochi, umelowa mate. Pole sana. Tuendelee.

Habari mbaya: Bi Mdogo anaumwa.

Nikukumbushe, maana umelala muda mrefu. Bi Mdogo ni gari. Baba watoto alilinunua baada ya kunioa mimi, akalipenda kupita kiasi, nami nikalipa jina linalolifaa. Yeye ndiye anayenunuliwa vitu! Kabla mume hajaenda kwenye kazi yake ya madaraja huko mbali, alimwekea chujio kubwa la hewa na bomba la moshi lenye sauti ya mwanamume mzima. Kisha kijana mmoja mwenye kompyuta akaichezea injini, ikaongezeka nguvu. Si gari la mashindano. Ni gari la familia lililopakwa wanja.

Leo kwenye kilima cha shule nimekanyaga mafuta. Injini ikanguruma. Gari likaenda kama babu anayetafuta miwani. Harufu ya kuungua. Mama mmoja mwenye kikapu akatupita kwa miguu. Akatupungia mkono!

Najua kosa ni la nani. Nakwambia wewe peke yako. Kibonge halali kitandani. Halali mgongoni. Analala ndani ya gari tu, tena gari lisiwe limesimama wala lisiwe linakwenda. Libembee. Kwa hiyo kila mchana nampandisha kilimani, nakaa pembeni ya barabara. Naachia klachi kidogo, gari linapanda. Naikanyaga kidogo, linarudi. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Mara Kibonge hoi, anakoroma. Ni ugunduzi wangu mwenyewe, sikufundishwa na mtu. Nilikuwa najivunia sana.

Kumbe klachi ilikuwa inaungua taratibu, haisemi.

Jumanne, 7 Mei

Bi Mdogo hakuchagua wiki nzuri ya kuumwa.

Sababu ni Meneja. Huyu ni binti yangu mkubwa, na anaitwa hivyo kwa sababu hakuna kazi ndani ya nyumba hii asiyoisimamia. Kila asubuhi anakwenda kusimama kwenye uzio wa chekechea. Anashika nyaya, anaimba na darasa ambalo hajaingia. Nyimbo zote anazijua. Juzi alimsahihisha mtoto aliye ndani. Mwalimu Mkuu akatoka nje kuangalia ni nani anayefundisha.

Ada ya pale hatuiwezi. Lakini leo Mwalimu Mkuu ametangaza: anatafuta mama mwenye gari wa kuwabeba watoto wa mtaa wa chini, kuwapeleka na kuwarudisha. Atakayepata kazi hiyo, mtoto wake anasoma bure. Ijumaa ya wiki ijayo atapanda yeye mwenyewe, aone kila mmoja anavyoendesha.

Tumeomba wawili. Mimi na Mama Pacha wa nyumba ya kona.

Mama Pacha ana kibasi. Amenishika bega akaniambia nisijisumbue mdogo wake, kwamba klachi ya kibasi chake ni laini, ukiikanyaga ni kama umekanyaga siagi. Nikamwambia hongera, dada. Mengine niliyasema moyoni. Siyaandiki hapa, Meneja ameanza kuunga herufi.

Jumatano, 8 Mei

Nimempeleka Bi Mdogo gereji, kwa Fundi Kimya. Aliyempa jina hilo ama alikuwa na utani ama alikuwa kiziwi. Fundi ameanza kuongea sijazima gari, na naamini mpaka sasa anaendelea.

Akauliza bosi yuko wapi. Nikamwambia bosi amesimama mbele yako, amebeba mtoto. Akacheka. Akasema sawa shemeji, lakini hayo mambo ya klachi ni mazito, si bora tumsubiri mwenye gari? Nikamwambia afungue.

Mchana akaniita. Giaboksi ipo chini, na mafundi wote wamesimama kwa duara kama kuna msiba. Katikati ipo flaiwili, ile sahani nzito ya chuma inayozunguka nyuma ya injini, ambayo klachi huishika ili gari liende. Imekuwa ya buluu! Imepasukapasuka kama tope la kiangazi. Pleti ya klachi yenyewe imebaki kama kaukau za viazi zilizoungua.

Fundi akasema ameona klachi zilizounguzwa na walevi. Ameona zilizounguzwa na wanaojifunza. Ameona hata ya bwana harusi mmoja. Hii hajawahi. Akanigeukia, akauliza kwa sauti ya chini: shemeji, hili gari mnalifanyia nini?

Kimya. Fundi Kimya naye kimya, kwa mara ya kwanza. Wanaume wote wananitazama. Ningesema nini? Kwamba nambembelezea mtoto?

Nikasikia mdomo wangu unasema: mashindano.

Hee! Fundi akafuta mkono kwenye ovaroli kabla ya kunipa. Mtu akaleta kiti. Mwingine akakipangusa. Tangu nimeanza kuzaa sijaletewa kiti na mtu yeyote. Wakauliza mashindano gani. Nikasema ya kupanda vilima. Hapo angalau sikudanganya yote.

Kibonge mgongoni akacheua.

Alhamisi, 9 Mei

Leo kuchagua. Fundi alinipangia njia tatu kwenye meza yake, akitumia vifuniko vya chupa kama mfano.

Ya kwanza, kama ilivyotoka kiwandani. Flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani. Laini sana. Ila injini hii imeongezwa nguvu, akasema, na springi zile hazijaambiwa. Zitachoka mapema.

Ya pili, flaiwili ya kipande kimoja, nzito, na klachi ngumu kidogo kuliko ya zamani, yenye springi zake kwenye pleti. Itavuma kidogo gari likisimama, basi. Inaondoka vizuri, inahimili nguvu, na hata mwenye kubeba familia ataifurahia.

Moyo wangu ukasema: hiyo! Hiyo hiyo!

Lakini Fundi hakunipa nafasi. Akasema hiyo ni ya watu wa kawaida, siyo ya dereva kama shemeji. Akasogeza kifuniko cha tatu. Flaiwili nyepesi, imechongwa ikatobolewa, na pleti isiyo na springi, yenye vipande vya chuma badala ya kile kitambaa kigumu cha kawaida cha kushikia. Injini inaruka kama imeshtuliwa. Kwa mjini ni adhabu, akasema. Tena pedeli yake ni ngumu, inataka mguu wa mwanamume.

Hapo ndipo alipokosea. Au ndipo nilipokosea mimi.

Nikamwambia miguu hii imebeba mimba mbili na ndoo za maji kwenye ngazi zote za nyumbani, kwa hiyo pedeli isinitishe. Leta ya tatu.

Akaniuliza mara moja, kwa uungwana kabisa, kama gari hili huwa linabeba watoto. Nikiwa na mtoto mgongoni, na mwingine ananivuta sketi akitaka kukojoa, nikasema hapana.

Nikampigia kaka yangu, anayefanya kazi kwenye yadi ya vipuri mji mwingine. Kaka akauliza kama nina uhakika. Akauliza tena. Kisha akauliza kama siku hizi napata usingizi. Nikamwambia asimtafute maneno dada yake, atume tu kwa lori la rafiki yake. Akasema haya, mama.

Jumapili, 12 Mei

Baba watoto kapiga simu. Swali la kwanza: Bi Mdogo hajambo? La pili ndilo la watoto.

Nikasema amepumzika. Kweli tupu! Amepumzika juu ya mawe manne, hana giaboksi.

Akanikumbusha nisiwe naegemeza mguu kwenye klachi, inaungua. Nikaanza kukunjakunja karatasi karibu na simu ili aone mtandao ni mbaya. Nikasema sikusikii, mume wangu, unakatika. Meneja akaja mbio, akauliza kwa sauti ya kuita ng'ombe kwa nini mama anampigia baba kelele za karatasi.

Simu haikukatika. Ilisikika vizuri sana. Baba watoto akasema anatupenda wote, na kwamba ataongea na Meneja peke yake siku nyingine.

Jumanne, 14 Mei

Mzigo umefika. Flaiwili nyepesi ni nzuri jamani! Inang'aa, ina matundu pembeni kama pambo. Meneja alidhani ni saa ya ukutani, akauliza mishale iko wapi.

Fundi ameifunga kwa heshima zote. Bolti mpya, maana za zamani hazirudiwi. Akaikaza moja huku, nyingine upande wa pili, akieleza kila bolti historia yake. Amewasimulia wateja wote habari zangu. Nilivyofika nikakuta nimeshashinda milima ambayo sijawahi kuiona. Dereva mmoja wa lori akaomba kupiga picha na mimi. Nikapiga. Nywele zilikuwa zimechanwa upande mmoja tu, huo ndio niliompa.

Fundi akauliza mashindano ni lini. Nikasema Ijumaa. Akasema gereji nzima itaniombea.

Jumatano, 15 Mei

Sijui niandike nini. Mguu wa kushoto unatetemeka wenyewe.

Pedeli ni ngumu kama kusukuma kabati. Halafu klachi yenyewe haina katikati. Au imeshika au haijashika. Pale langoni pa gereji, mbele ya watu wote, nimeachia kidogo, gari likazima. Nimeachia tena, likaruka kama chura, likazima. Wamenitazama. Nikawaambia bingwa huwa anapima kwanza. Wakaitikia kwa vichwa, wakisema kumbe ndivyo inavyofanywa.

Na sauti! Gari likisimama na injini inawaka, flaiwili inagongagonga kama kijiko ndani ya sufuria tupu. Nilipofika nyumbani majirani wamechungulia madirishani kujua nani anapika saa ile.

Mchana nikampandisha Kibonge kilimani. Mbele, nyuma? Wapi! Mbele, paa! Nyuma, paa! Kibonge akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Hajalala mchana kutwa. Kila nikisimama ananipiga kichwa, anataka tena.

Kesho nitafanya mazoezi uwanja wa mpira. Nikiweza kuondoka vizuri mara moja tu bila kuruka, Meneja ana shule. Ndiyo nadhiri niliyojiwekea.

Alhamisi, 16 Mei

Nimefanya mazoezi. Mbuzi wameuhama uwanja.

Nimeweza mara moja. Mara moja! Siri ni kukanyaga mafuta mengi halafu kuachia kwa imani.

Ijumaa, 17 Mei

Nimekaa jikoni. Nimekunywa chai baridi kwa sababu sijaona sababu ya kuipasha.

Mama Pacha ndiye aliyetangulia. Kibasi kimeondoka bila hata kutikisa jani. Mwalimu Mkuu alikuwa amekaa mbele, mkoba magotini, kama yuko sebuleni kwake. Ila walichelewa kurudi. Mama Pacha amesimama kumsalimia kila mtu wa barabara nzima, akauliza na mgonjwa wa watu anaendeleaje.

Zamu yangu. Meneja na watoto watatu wa mtaa wa chini kwenye safu mbili za nyuma, Kibonge kwenye kiti chake. Nimewafunga mikanda mmoja mmoja. Mmoja akasema yeye kwao hafungwi. Nikamwambia kwao ni kwao, hapa ni kwa anti, na gari haliendi. Akafungwa. Nikamgeukia Mwalimu Mkuu, naye hajafunga. Nikamwambia Mwalimu samahani, na wewe. Akanitazama juu ya miwani. Akafunga.

Nikawasha. Kokoko-kokoko. Mwalimu akauliza ni sauti ya nini. Nikasema ni ya usalama, ili watu wasikie gari na wakae pembeni. Meneja akasema hapana mama, Fundi alisema ni flaiwili nyepesi.

Mafuta. Imani. Gari likaruka! Miwani ya Mwalimu ikashuka mpaka mdomoni. Likazima. Nikaomba radhi. Likaruka tena, tukaenda. Nyuma watoto wakapiga kelele kana kwamba wamepewa pipi. Kila makutano ni chura. Kila chura ni kelele. Pale kilimani, katikati kabisa ya mwinuko, lori likasimama mbele yetu. Nikasema kimoyomoyo, ewe mguu, nakuomba.

Nikaondoka. Kwa kishindo, kwa moshi, kwa sauti iliyowatoa vinyozi dukani na wembe mkononi. Lakini hatukurudi nyuma hata kidogo! Mama Pacha alikuwa anapita, akapiga honi ndogo, akaniambia kwa ishara pole.

Tuliposimama shuleni watoto wakaimba tena, tena, tena. Mwalimu Mkuu alikaa muda bila kufungua mkanda. Kisha akaniuliza gari hili limefanywa nini. Nikafungua mdomo. Meneja akawahi. Akasema mama alimwambia Fundi kwamba sisi ni wa mashindano, kwa sababu aliona aibu kusema anambembeleza Kibonge.

Yote. Mpaka karatasi na simu ya baba yake amesema.

Mwalimu Mkuu akageukia dirishani. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani nimemuumiza shingo! Kumbe anacheka. Alipomaliza akafuta macho, akawa Mwalimu Mkuu tena. Akasema hajawahi kuona dereva anayefunga mikanda kiasi kile, wala hajawahi kukemewa kwa adabu namna ile. Akasema Mama Pacha anaendesha vizuri ila watoto watakuwa wanafika wakati wa kurudi nyumbani. Lakini uti wa mgongo anao mmoja tu, akasema, na watoto pia. Kwa hiyo Mama Pacha aanze, ila kwa majaribio tu. Mimi nikaweke klachi ya watu, nirudi mwisho wa mwezi, apande tena. Nafasi ya Meneja hampi mtu mpaka siku hiyo.

Kisha akashuka, akamwambia Meneja akiwa anasubiri, asisimame tena nje ya uzio. Aingie akae nyuma ya darasa. Na asisahihishe watu.

Nimeendesha mpaka nyumbani nikilia na kuruka.

Jumamosi, 18 Mei

Leo nimeamua. Ukweli. Nakwenda kwa Fundi, namwambia: Fundi, sijawahi kushindana na mtu, niliunguza klachi nikibembeleza mtoto, naomba ile ya pili. Maneno matatu tu, aibu ya kitambo, tumemaliza. Nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Kibonge alipiga makofi.

Nimefika. Wamesimama wote. Kiti kipo tayari, kimewekwa mto! Ukutani, kati ya kalenda na bei ya mafuta ya injini, ipo ile picha yangu na dereva wa lori, upande uliochanwa. Fundi akashindwa hata kunisalimia. Akauliza: shemeji, ilikuwaje?

Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo.

Nikasema nafasi ya pili.

Yesu na malaika! Makofi, vigelegele vya wanaume! Fundi amesema ya pili ni heshima, kwa mara ya kwanza na klachi mpya. Akauliza nani amenishinda. Nikasema mama mmoja mwenye kibasi. Wakasikitika sana. Akauliza nimepewa nini. Nikasema medali. Akasema niilete, itundikwe chini ya picha.

Nikasema nitaileta.

Nikaongeza, kwa sababu sikujua tena namna ya kunyamaza, kwamba mashindano yanayofuata wamebadilisha kanuni, wanataka klachi ya kawaida na flaiwili nzito. Fundi akafikiri. Akasema kweli, siku hizi wanapenda kuwabana mabingwa. Atanifungia mwenyewe. Na siku hiyo atakuja kuangalia, na gereji nzima.

Sawa. Hilo nitalipanga nikilifikia. Kwanza kaka. Nimemwandikia hivi, nakala naiweka na hapa nisije nikasahau:

Kaka yangu, shikamoo. Watoto hawajambo. Usiulize maswali. Naomba unitumie, kwa lori lile lile, kabla ya mwisho wa mwezi:

Flaiwili ya kipande kimoja, nzito, isiyo na matundu yoyote ya urembo.

Klachi kamili ya kwenda nayo: pleti yenye springi katikati, presha pleti ya kuibana, ngumu kidogo, na beringi yake.

Bolti mpya za flaiwili. Mpya, kaka, siyo za zamani zilizopakwa rangi.

Sili ya kuzuia mafuta yasivuje nyuma ya injini, Fundi anasema tukifungua tusifunge bila hiyo.

Boksi lenye maandishi ya mashindano, hata kama ndani ni vitu vya kawaida.

Kofia ngumu ya dereva, yenye nafasi ya nywele zilizosukwa.

Na medali moja, nafasi ya pili. Isiwe mpya sana. Ikikosekana ya magari, hata ya kuogelea, ila ukwangue yule mtu anayeogelea.